Msalaba wa shaba ulitengenezwa ili urudi motoni

Ile misalaba mitatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960 wengi wetu tunaijua kama alama ya siasa tu. Kabla ya siasa, croisette ilikuwa bidhaa, na kwa jambo moja ilibuniwa vizuri kuliko simu unayosomea habari hii.

Basanga, na baadaye Bayeke, waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto wa makala. Shaba ikimwagwa kwenye kalibu ilitoka msalaba. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alichapisha habari zao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba. Tusiwapambe kupita kiasi: makala yale yalikula miti mingi, na wakubwa walidai ushuru wao.

Lakini tazama kitu chenyewe. Ni shaba tupu, haina gundi wala madini mengine yaliyobandikwa juu yake. Ulibebeka, ulihesabika, ulinunua vitu. Siku mwenyewe akihitaji bangili, waya au risasi, fundi aliurudisha motoni, na shaba ikawa kitu kingine. Bunkeya ya Msiri, aliyeuawa 1891, ilijulikana kwa waya wa shaba. Misalaba ya kale zaidi tunaijua hasa kutoka makaburini, kama kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, palipochimbwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958. Ile ya zamani ni mikubwa, na ya baadaye midogo inayofanana, kama pesa. Imetufikia kwa sababu ilizikwa na wafu, ikaepuka moto. Iliyobaki mikononi mwa walio hai iliendelea kuyeyushwa.

Sasa chukua betri. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Kolwezi na jirani zake. Inasafirishwa, inachanganywa na litiamu, inafungiwa ndani ya simu kwa gundi. Ikichoka, fundi wa sokoni anahangaika hata kuifungua.

Wazungu wenyewe wameliona tatizo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, mtumiaji aweze kutoa betri ya kifaa chake mwenyewe. Kuanzia Agosti 2031, kobalti ya betri mpya za magari ya umeme iwe na angalau 16% iliyotoka kwenye taka, na 26% mwaka 2036. Sheria nzuri. Ila kila kilo inayopatikana kwenye betri ya zamani huko ni kilo moja isiyonunuliwa kwetu, na tanuri la kuiyeyusha haliko Lualaba. Msalaba ulirudi motoni karibu na mgodi wake, na kazi ya mara ya pili ikabaki kwa fundi wa hapa.

Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri kwa pamoja. Wabunge wetu wa Lualaba watuambie: katika mipango hiyo, je, kuna tanuri la betri zilizokufa, au ni kiwanda cha kutengeneza mpya tu?