Namba za mgodini zilizogeuka njia za kinga

Wiki iliyopita mama mmoja aliyehama kutoka milimani aliniuliza swali: njia ya kwao ikisha kufunikwa na majani, siku ya kurudi atajuaje wapi pa kukata kona? Sikuwa na jibu. Nilikumbuka tu historia ya mbali, ya jimbo la Limburg kule Ubelgiji.

Limburg ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho, ule wa Zolder, ulifungwa mwaka wa 1992. Zikabaki reli zisizopita treni, njia za kando ya mifereji ya mashua, na vijia vya mashamba na pori. Kila njia peke yake. Mwenye kinga alifika mwisho wa kijiji, akageuza.

Hugo Bollen alikuwa inginia wa migodi. Chini kule mashimo marefu yanakutana gizani, na aliyepotea hana wa kumuuliza. Ndiyo maana makutano hupewa namba. Bollen akaupandisha mpango huo juu ya ardhi. Hakuchora safari moja ndefu yenye jina zuri. Aliweka namba kwenye makutano ya njia, pamoja na mishale ya kuelekea namba zinazofuata. Unaandika kwenye kipande cha karatasi, tuseme 12, 40, 7, unaanza kukanyaga. Ukichoka, unakatisha. Njia ikifungwa, unazungukia namba nyingine.

Mtandao huo ulifunguliwa mwaka wa 1995. Njia nyingi zilikuwepo zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuzishonea pamoja, kijiji kwa kijiji. Leo Limburg ina karibu kilomita 2000 za namna hiyo. Uholanzi nao wakaiga, wakaweka mbao za kijani pale Wabelgiji walipoweka za buluu.

Wabelgiji haohao walipanga njia hata kwetu, lakini kwa hesabu nyingine. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, kwa ajili ya shaba: mgodi, stesheni, bandari. Vijiji vya pembeni viliendelea na njia zao za miguu, na hadi sasa ni hizo tunazopitia, kwa mguu au kwa chukudu. Ramani yake iko kichwani mwa wenyeji, na wenyeji wametawanyika.

Nilirudi kumsimulia mama yule habari za Bollen. Alicheka kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: kisima, daraja la miti, kanisa lililoungua, mikaratusi miwili, kwa mwenye ng’ombe. Alifika saba. Kwenye ya nane alisita, akamwita mtoto wake mkubwa, na nilipoondoka walikuwa bado wanabishana: ni kushoto kwa jiwe, au kulia?