Matangazo na mauzo ya hisa: Jinsi kelele zinavyovuta wanunuzi

Kampuni inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, hutakiwa kwanza kutoa waraka wa matarajio, kitabu kinachoeleza mali, madeni, faida na hatari zake. Wanunuzi wadogo walio wengi hawakisomi. Wanachokijua kuhusu kampuni hiyo hukipata redioni, kwenye mabango ya barabarani na kwa jirani aliyekwisha kununua. Kwa sababu hiyo, matangazo yana uzito katika mauzo ya hisa kuliko yalionao katika uuzaji wa sabuni: mnunuzi wa sabuni huijaribu kesho yake, ilhali mnunuzi wa hisa husubiri miaka.

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio wazi zaidi ni Kenya kati ya mwaka 2006 na 2008. Mwezi Aprili 2006, serikali ya nchi hiyo iliuza asilimia 30 ya kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, kwa Sh11.90 za Kenya kwa hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Mei, bei ilipaa hadi karibu Sh40.

Habari hiyo ilikuwa tangazo kubwa kuliko yote, na hakuna aliyelilipia. Waliokosa KenGen waliapa kutokosa itakayofuata. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja Eveready, ambayo haikuhitaji kujitambulisha kwa mtu yeyote aliyewahi kutia betri katika redio au tochi. Nayo ilipata waombaji kupita kiasi, ingawa kujulikana kwa jina si sawa na kuwa na biashara inayokua. Kiwanda chake cha betri mjini Nakuru kilifungwa mwaka 2014.

Kilele kilikuwa Safaricom. Rais Mwai Kibaki aliyazindua mauzo hayo Machi 28, 2008, mwezi mmoja tu baada ya kutiwa saini mkataba wa amani uliomaliza ghasia za uchaguzi. Hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, ziliuzwa kwa Sh5 kila moja. Chama cha ODM kilikuwa kimetaka mauzo yasimamishwe hadi umiliki wa kampuni ya Mobitelea, iliyohusishwa na hisa za Safaricom, ueleweke. Madai hayo yalikuwa mazito, lakini kwa mnunuzi wa kawaida mabishano hayo huenda yalizidi kuliweka jina la kampuni mdomoni mwa kila mtu. Waombaji walizidi 860,000, na fedha zilizoletwa zilizidi lengo zaidi ya mara tano.

Hapo ndipo ushindi wa matangazo ulipogeuka mzigo kwa walioyasikiliza. Wananchi wa kawaida walipata takriban asilimia 21 tu ya hisa walizoomba. Aliyekopa benki Sh50,000 ili apate hisa 10,000 aliambulia kama 2,100, zenye thamani ya Sh10,500; fedha zilizobaki alisubiri arudishiwe huku riba ya mkopo wote ikiendelea kuhesabiwa. Katika siku za kwanza sokoni, Juni 2008, bei ilivuka Sh7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya Sh5, na mapema mwaka 2009 chini ya Sh4.

Sababu haikuwa msukosuko wa fedha duniani peke yake. Umati ulioitwa kwa ahadi ya faida ya haraka huuza kwa haraka vilevile, na hisa bilioni 10 ni nyingi mno kuadimika. Tena, mwezi huo huo wa uzinduzi, kampuni ya udalali ya Nyaga ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi maalumu baada ya kushindwa kutimiza wajibu wake kwa wateja, jambo ambalo bango la kuuza hisa haliwezi kutarajiwa kulitaja.

Waliovumilia walilipwa: mwaka 2021 hisa ya Safaricom ilivuka Sh40. Wa KenGen hawakuwa na bahati hiyo. Kampuni hiyo ilipowauzia wanahisa wake hisa za nyongeza mwaka 2016, bei ilikuwa Sh6.55.

Tanzania inaonyesha mpaka wa nguvu ya matangazo. Mwaka 2008, hisa za benki ya NMB kwa Sh600 za Tanzania zilipata waombaji kuliko zilivyokuwepo. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Vodacom Tanzania, iliyobanwa na sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Jina lilijulikana kila kijiji. Hata hivyo kampuni ilitafuta Sh476 bilioni, kwa Sh850 kwa hisa, na mwanzoni kwa Watanzania pekee. Muda uliopangwa ulipita lengo halijatimia, ukaongezwa, na hatimaye mlango ukafunguliwa kwa wageni. Hisa hizo ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 15, 2017.