Sumu ya kasa Kisiwa Panza: Fumbo ambalo Bwana Msa angelianzia jikoni

Jumanne ya Machi 5, 2024, nyama ya kasa ililiwa Kisiwa Panza, kisiwa cha wavuvi kilicho kusini mwa Pemba, Wilaya ya Mkoani. Ilipofika Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikuwa wameshafariki, na watu wengine 78 walikuwa wamelazwa. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Mganga wa Wilaya ya Mkoani, Dk. Haji Bakari, alieleza kwamba vipimo vya maabara vimethibitisha kuwa waathirika wote walikula nyama ya kasa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilituma ujumbe wa maafa ukiongozwa na Hamza Hassan Juma, nao ukawasihi wananchi waache kumla mnyama huyo.

Haukuwa mkasa wa kwanza. Novemba 2021, watu saba, akiwamo mtoto wa miaka mitatu, walifariki kisiwani Pemba baada ya kula kasa. Ndani ya miaka mitatu, basi, kitoweo kimoja kilikuwa kimeondoa roho 16.

Msomaji wa riwaya za upelelezi atazitambua haraka sehemu za fumbo hili: chungu kimoja, walaji wengi, wengine wamekufa na wengine wamepona, na mpishi ambaye ndiye wa mwisho kukigusa chakula kabla hakijapakuliwa. Kilichokosekana ni muuaji. Hakuna aliyetia kitu sufuriani.

Bwana Afya aliyemzaa Bwana Msa

Zanzibar ina haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho la mpelelezi, kwa sababu hapa ndipo upelelezi ulipoingia katika riwaya ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Baada ya miaka kumi hivi akahamia magazetini, na mwaka 1958 akawa mhariri wa jarida la kilimo la Mkulima, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1968.

Katikati ya shughuli hizo aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ndani yake alizaliwa Bwana Msa, mvuta kiko asiye na cheo chochote cha polisi, ambaye watu wanamkimbilia kwa sababu ya akili yake. Rafiki yake Najum yumo pembeni kuuliza yale ambayo na sisi tungeuliza. Wahakiki wamemfananisha na Sherlock Holmes, lakini anga la Bwana Msa ni la Unguja na Pemba: mashamba, mirathi, ndoa za siri, na hofu ya visivyoonekana.

Hofu hiyo ndiyo aliyoitumia Abdulla kwa ustadi. Riwaya yake ya mwaka 1968 aliiita Kisima cha Giningi, na Giningi katika masimulizi ya visiwani ni mji wa wachawi. Sifa ya uganga ya Pemba ilikuwa imeshavuka bahari muda mrefu; mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alirudia madai kwamba watu hutoka nchi za mbali kuja Pemba kujifunza uchawi. Bwana Msa hakubishana na watu juu ya mizimu. Aliuliza tu nani alikuwa wapi, alishika nini, na nani alifaidika, mpaka mzimu ukabaki bila kazi.

Siyo ajabu kwamba mpelelezi wa namna hiyo alibuniwa na mtu aliyeanza maisha ya kazi kama Bwana Afya. Mkaguzi wa afya hafuati uvumi. Huingia uani, hufunua mapipa, huuliza maji yametoka kisima gani na nyama imechinjwa lini.

Wapelelezi wa vyakula na maji

Kazi kama hiyo imewahi kuokoa maisha kwingineko. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alifuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba hadi akafika kwenye pampu ya maji ya Broad Street, wakati wakubwa wengi wa tiba wakiamini kwamba ugonjwa ule unaletwa na hewa chafu. Mwaka 1906 homa ya matumbo iliingia katika nyumba ya likizo ya matajiri huko Oyster Bay, karibu na New York. Mchunguzi George Soper aliacha kupima mabomba akaanza kuuliza habari za watumishi, na njia ikamfikisha kwa mpishi Mary Mallon, aliyebeba vimelea bila yeye mwenyewe kuugua.

Katika visa hivyo viwili kulikuwa na cha kufunga: pampu iliondolewa mpini, mpishi akatengwa. Kisiwa Panza fumbo ni gumu zaidi, kwani mhalifu yumo ndani ya kitoweo chenyewe na wala haachi alama.

Kwa nini mpishi hadanganyiki peke yake

Sumu ya nyama ya kasa inajulikana kwa madaktari wa nchi nyingi za bahari za joto, lakini sayansi haijaikamata kwa jina lake la kikemia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kasa huikusanya mwilini kutokana na vitu anavyokula baharini, kama vile mwani wenye sumu, huku yeye akibaki mzima. Mvuvi humwona ana nguvu, macho maangavu. Nyama haina harufu mbaya wala rangi ya kutia shaka. Kuchemsha sana, kukaanga, kukausha au kutia ndimu na viungo hakuiondoi sumu hiyo.

Dalili nazo huchelewa. Mtu anaweza kuanza kuugua baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, mdomo na koo kuwaka, vidonda vya ulimi, kisha usingizi mzito unaoweza kuishia kwenye kupoteza fahamu. Dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji na uangalizi ili mwili wake upambane. Watoto ndio huathirika zaidi, na imeshaonekana kwamba mtoto anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama aliyekula.

Hapo ndipo ushahidi wa wazee unapopotosha bila wao kukusudia. Anayesema amekula kasa tangu utotoni na hajaumwa anasema kweli. Kasa wengi hawana sumu hiyo, na wa leo anaweza kuwa salama, wa kesho akaua. Uzoefu wa jikoni, ambao kwa samaki aliyeoza hutosha kabisa, kwa kasa hautoshi hata kidogo. Oktoba 2010, huko Murilo, kisiwa kidogo cha Mikronesia katika Bahari ya Pasifiki, watu wa jamii ya wavuvi walimla ng'amba mmoja, ambaye naye ni aina ya kasa. Watoto wanne na watu wazima wawili wakafariki. Wao pia walikuwa wenyeji wa bahari.

Kitoweo cha miaka elfu mbili

Wala mapenzi ya kasa hayakuanza jana. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Erythraea, unakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani yetu, ambacho wanahistoria wamekilinganisha na Pemba, Unguja au Mafia. Watu wake, unasema mwongozo huo, walikuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba na walinasa samaki na kasa kwa mitego ya kusuka, ambayo mvuvi wa leo angeiona ni ndugu wa dema. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje pamoja na pembe za ndovu. Kwa karne nyingi gamba likapelekwa masokoni, nyama ikabaki kwa wenyeji.

Siku hizi biashara hiyo imefungwa. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1979, na kasa wote wa baharini wamo katika orodha yake ya ulinzi mkali kabisa. Sheria za uvuvi za Zanzibar nazo zinakataza kuwavua. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, ambako kasa hupanda kutaga, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Kasa huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kuweza kutaga, kwa hiyo kila anayechinjwa ni hasara isiyolipika upesi.

Lakini katazo lina upande wake wa hatari. Anayejua kwamba kumvua kasa ni kosa anaweza kuogopa kumtaja mbele ya daktari, na saa za mwanzo zikapotea kwa kutafuta malaria, kipindupindu au jicho la mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali na masheha wangefanya jambo la busara kutangaza wazi kwamba mgonjwa anayesema amekula kasa atatibiwa kwanza, na habari za sheria zitafuata baadaye.

Kwa wapishi wa nyumbani, wa shughuli na wa migahawa ya Mkoani, Chake Chake na Wete, hukumu ni moja. Nyama ikiletwa bila kujulikana ni ya nini, uliza imetoka wapi na nani ameivua. Ukiambiwa ni kasa au ng'amba, usiipokee, hata ikiwa ya bure na hata kama nyumba nzima ina njaa. Na ikiwa imeshaliwa, wapelekeni hospitali walaji wote, wanaoumwa na wasioumwa, watoto na wanaonyonyesha wakiwa wa mwanzo. Msimwage kilichobaki sufuriani. Kichukueni mkampe daktari.