Makao Makuu Yaliyokuwa Mbali

Jina la Bomeni, hapa Taveta, hunikumbusha neno boma: ngome, na baadaye ofisi ya serikali. Lakini boma kubwa la mkoa wetu lilikuwa Mombasa. Kulifikia ulipita Mwatate, Voi, Mackinnon Road na Mariakani kabla ya kunusa bahari. Moshi, ng'ambo ya mpaka, ni karibu zaidi, na wengi wetu tulilijua soko lake kabla hatujaiona Mombasa.

Mombasa yenyewe ni mkongwe kuliko vyeo vyote ilivyopewa. Ibn Battuta alifika 1331 akakuta Waislamu na misikiti yao ya mbao. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593. Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu, wakaitwaa 1698. Waingereza nao wakaifanya jela, mpaka 1958. Mombasa ikawa makao makuu ya himaya yao, kisha Nairobi ikaipokonya cheo. Na Nairobi, bwana, ilizaliwa na reli iliyoanzia Mombasa hiyo hiyo 1896! Mombasa ikabaki na mkoa.

Zamani za misafara, Taveta haikuwa pembeni. Wafanyabiashara wa Mombasa na Pangani waliokuja kutafuta pembe walipumzika katika msitu wa mto Lumi, wakanunua ndizi na nafaka, ndipo wakaendelea Kilimanjaro au Umasaini. Tulikuwa njia panda. Kilichotusukuma pembeni ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1886, Kilimanjaro ikaangukia upande wa Wajerumani, sisi upande huu.

Agosti 1914 Wajerumani wakaivuka mipaka hiyo, wakaishika Taveta hadi Machi 1916, baada ya mapigano ya Salaita na Latema. Ili kuwafukuza, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuja huku, haraka haraka, kwenye nyika isiyo na maji. Ya kusafirisha wanajeshi, si ndizi zetu. Lami ya barabara hiyo hiyo ilituchukua karibu miaka 100 zaidi kuipata. Mimi sioni hilo kuwa bahati mbaya tu: njia ilipatikana pale tu boma lilipohitaji kufika kwetu, si sisi tulipohitaji kufika bomani.

Uhuru ulipofika, mkuu wa mkoa alikuwa Mombasa bado, miaka mingi katika jengo la Uhuru na Kazi. Mwaka 2013 kaunti zikaanza kazi, na makao yetu sasa ni Mwatate. Hata hivyo, hapa Bomeni utamsikia mzee akisema, "Kijana wangu ameenda Pwani," ilhali miaka yote hiyo kitambulisho chake mwenyewe kilikuwa cha mtu wa Pwani.