MOYO UNAPIGA, MKOJO UNATOKA: JE, KWELI AMEKUFA?
(Homoni na Historia Yake, Sehemu ya 3)



Leo nilipanga tuendelee na homoni za maziwa. Lakini nimepata ujumbe umeninyima usingizi. Mama mmoja, mdogo wake alipata ajali ya bodaboda, akapelekwa ICU mbali na huku kwetu Kifanya, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Baada ya siku kadhaa wakaambiwa ubongo umekufa. Ananiuliza: "Dada nesi, moyo ulikuwa unapiga, mwili una joto, mkojo unatoka. Kweli alikuwa amekufa, au tulimwacha?"

Hilo neno "tulimwacha" ni zito. Kaa hapa na chai yako, tuanze mbali kidogo.

Enzi za bibi zetu swali hili halikuwepo. Pumzi ikikatika, moyo nao unasimama baada ya dakika chache. Unaweka mkono puani, unaweka sikio kifuani, unajua. Pumzi, moyo na ubongo viliondoka pamoja.

Kilichovitenganisha ni mashine. Mwaka 1952 polio ilishika mji wa Copenhagen, Denmark. Watoto walikuwa wanakufa kwa sababu misuli ya kupumua imepooza. Daktari Bjørn Ibsen akapitisha mpira kwenye koo la msichana wa miaka 12 na kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubonyeza kwa mkono. Akanusurika kifo. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wakaingia zamu usiku na mchana, kila mmoja kakaa pembeni ya mgonjwa anabonyeza mfuko. Wengi wakaokoka, na ICU tunazozijua leo zilianzia hapo.

Lakini mashine zikaleta jambo jipya. Mwaka 1959, Paris, madaktari Mollaret na Goulon waliandika kuhusu wagonjwa 23 ambao mashine inawapumulia, moyo unapiga, ila ubongo haujibu chochote. Hali hiyo wakaiita koma iliyopita koma. Desemba 1967, Cape Town, Christiaan Barnard akapandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Dunia ikauliza: mwenye moyo alikuwa amekufa lini hasa? Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikaweka vigezo vya kutambua kwamba ubongo umekufa. Uingereza ikaweka vyake 1976, ikikazia shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayoamrisha pumzi na fahamu. Marekani mwaka 1981 ikapendekeza sheria inayosema kazi ZOTE za ubongo WOTE ziwe zimekoma.

Hapo kwenye "zote" ndipo homoni zinapoingia.

Unakumbuka Sehemu ya 1? Mtoto analia, maziwa yanashuka hata kabla hujamweka kifuani. Homoni ya oksitosini inatengenezwa ndani ya ubongo, sehemu inayoitwa haipothalamasi, na kuachiwa kupitia tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya njegere. Hapohapo inatoka homoni nyingine, vasopresini, inayoziambia figo: "Rudisheni maji mwilini, msiyamwage yote."

Sasa ubongo ukifa, mara nyingi amri hiyo inakatika. Nesi wa ICU anauona mfuko wa mkojo unajaa haraka haraka, mkojo mweupe kama maji. Ila kuna wagonjwa ambao haitokei hivyo. Vipimo vingine vyote vinaonyesha ubongo umekufa, lakini vasopresini bado inatoka, kwa sababu eneo lile hupata damu kidogo kwa mishipa yake. Basi wapo wanaohoji: kama homoni bado inatoka, tunasemaje kazi zote zimekoma?

Mwaka 2013 huko Oakland, California, binti wa miaka 13 alithibitishwa kufa ubongo baada ya upasuaji wa koo. Familia ilikataa, ikamhamishia New Jersey. Miaka ikapita, ikaelezwa kuwa amevunja ungo akiwa kwenye mashine. Moyo ulisimama 2018. Kesi hiyo ilitikisa wengi. Mwaka 2023 mwongozo mpya wa vyama vya madaktari wa Marekani ulisema homoni kuendelea kutoka hakuzuii kuthibitisha kifo cha ubongo. Wengine wakajibu: basi badilisheni sheria, maana inasema "zote". Mjadala haujaisha.

Sasa nikujibu, dada yangu. Moyo una umeme wake wenyewe. Ukipata hewa na damu unaweza kupiga bila ubongo. Figo nazo zikipata damu zinatoa mkojo. Joto hulindwa kwa mablanketi na dawa. Vitu hivyo vitatu havikuwa mdogo wako anakuita. Kama vipimo vilifanyika sawasawa, hamkumwacha.

Vipimo vyenyewe ni hivi: mboni za macho kwenye mwanga, kugusa jicho, maji baridi sikioni, kukohoa mpira ukiguswa kooni, kuumizwa kidogo. Mwisho anatolewa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku anapewa oksijeni, kuona kama atavuta pumzi hata moja. Kabla ya yote, lazima waondoe vinavyoiga kifo: dawa za usingizi, mwili kupoa sana, sukari kushuka, chumvi za mwili kuvurugika, na homoni ya tezi ya shingo kupungua kupita kiasi.

Mama mwenye mtoto mdogo, beba haya matatu:

1️⃣ Koma SIYO kifo cha ubongo. Mtoto aliyezimia kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka anaweza kuamka. Asikwambie mtu mtaani "ubongo umeshakufa". Kimbia kituo cha afya.

2️⃣ Ukiambiwa neno hilo ICU, una haki ya kuuliza kwa upole: Vipimo vimefanywa na nani? Dawa za usingizi zimeisha mwilini? Kipimo cha kupumua kimefanyika? Kuuliza siyo ubishi.

3️⃣ Hofu ya "wanataka figo zake" iacheni. Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, figo ilitoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiari yake.

Na bodaboda, jamani, helmeti. Ya dereva na ya abiria.

Sehemu ya 4 tunarudi kwenye oksitosini: kwa nini tunakuchoma sindano ile mtoto akishatoka tu. Usiku mwema 🙏