Minorities in Shark Sciences

Minorities in Shark Sciences (kifupi: MISS) ni shirika lisilolenga faida la nchini Marekani linalowasaidia wanawake wa jamii za wachache, hasa vijana, kuingia katika utafiti wa papa na taa. Lilianzishwa mwaka 2020 na wanawake wanne Weusi wanaochunguza papa: Jasmin Graham, Amani Webber-Schultz, Carlee Jackson na Jaida Elcock, waliofahamiana kupitia mtandao wa Twitter.

Sababu za kuanzishwa

Anayetafuta ajira au nafasi ya shahada ya juu katika fani hii hutarajiwa kuwa na uzoefu wa kazi za baharini. Njia ya kawaida ya kuupata ni mafunzo kwa vitendo. Mengi ya mafunzo hayo hayana malipo, na mengine humtaka mwanafunzi ajilipie nauli, chakula na malazi. Hivyo kijana asiye na fedha hukosa nafasi hata akifaulu vizuri darasani.

Shughuli

MISS huchangisha fedha ili washiriki wa warsha zake wasilipe ada. Warsha za kwanza zilifanyika katika Ghuba ya Biscayne, Florida, kwa kutumia chombo cha taasisi ya Field School. Katika kazi za namna hiyo papa huvuliwa, hupimwa urefu, hukatwa kipande kidogo cha pezi kwa uchunguzi wa DNA, huwekewa alama, kisha huachiwa haraka. Akivuliwa tena, alama hiyo huonyesha amekua kiasi gani tangu aachiwe.