Usalama wa Vifaa katika Nyumba za Wazee (Marekani)

Usalama wa vifaa katika nyumba za wazee ni kazi ya kukagua, kutengeneza na inapobidi kuondoa vitanda, viti vya magurudumu, mashine za kunyanyulia watu na kengele za kuitia wahudumu, ili visimdhuru anayevitegemea. Nchini Marekani, nyumba inayolipwa kupitia Medicare au Medicaid inabanwa na kanuni za serikali kuu, zilizotokana na sheria ya mwaka 1987, kuhakikisha vifaa vyote vya umeme, mitambo na uuguzi ni vizima na salama.

Kitanda ndicho kinachotaka jicho kali kuliko vyote. Vyuma vya pembeni huwekwa ili mzee asianguke, lakini vyuma hivyohivyo vimeua. Kati ya mwaka 1985 na mwanzoni mwa 2009, mamlaka ya chakula na dawa (FDA) ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa au kukabwa kwenye vitanda vya aina hiyo. 480 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wazee dhaifu au waliochanganyikiwa. Mwaka 2006 FDA ilitaja sehemu saba za kitanda zinazoweza kumnasa mtu. Ilishauri kwamba uwazi ulio katikati ya vyuma, chini yake, au kati yake na godoro, usifike milimita 120, kipimo kilichotokana na upana wa kichwa cha mtu mzima mwenye umbo dogo.

Kitanda kilichopimwa kikaonekana salama hakibaki hivyo daima. Skrubu hulegea, godoro hubonyea. Godoro la hewa ni la kuangaliwa zaidi: mzee akielemea ukingoni linadidimia, na nafasi ambayo haikuwapo inajitokeza. Kwa hiyo kila godoro au chuma kinapobadilishwa, vipimo vichukuliwe upya. Kanuni pia zinataka njia nyingine zijaribiwe kwanza, na mzee au mwakilishi wake aelezwe hatari na kuridhia, kabla ya vyuma kufungwa.

Kwenye kiti cha magurudumu, breki nyingi hubana tairi lenyewe. Tairi likipungua upepo breki haishiki, na kiti hurudi nyuma mzee anapoinuka. Hapo dawa ni pampu. Kitambaa cha mashine ya kunyanyulia hutazamwa kila kabla ya kutumika: mshono uliofumuka, kitanzi kilichochanika, lebo ya uzito isiyosomeka. Kukifua kwa klorini hudhoofisha nyuzi zake.

Mara nyingi wa kwanza kuona kasoro ni mhudumu, na miongoni mwa wahudumu hao wamo Wakenya wengi. Kifaa kibovu kifungwe lebo na kuondolewa wodini mara moja, kwa sababu kikiachwa koridoni zamu ya usiku itakitumia. Kikisababisha kifo, sheria ya mwaka 1990 inaitaka nyumba iwaarifu FDA na mtengenezaji ndani ya siku 10 za kazi. Kabla ya uchunguzi, kifaa hicho hakifai kusafishwa wala kutengenezwa.